Mtu wa Mheshimiwa Buchholz

Lori lilikuwa la Mheshimiwa Galen Buchholz. Juu ya hilo hapakuwa na ubishi tena.

Ardis Vollmer alipanda ngazi za Bunge la jimbo saa moja asubuhi, theluji imeganda kwenye pindo la suruali yake, na stakabadhi ya mizani imo mfukoni mwa koti. Aliipata jana kwenye kiwanda cha kusaga mahindi kilicho ng'ambo ya mto Missouri. Ilisema hivi: Jumanne, saa tano na robo asubuhi, lori namba fulani limeshusha tani nane za mahindi kutoka ghala la Orrin.

Jumanne hiyohiyo, katika ghala hilohilo, Delphine Raske alikuwa amefukiwa na mahindi ndani ya kihenge. Walimpata Jumatano alfajiri, mikono imeinuliwa juu ya kichwa, mdomo umejaa punje. Alikuwa na miaka thelathini na minne, ofisa wa Chama cha Wenye Maghala ya Nafaka. Sherifu wa wilaya aliandika "ajali" hata kabla mwili haujateremshwa. Meneja wa ghala, Dwight Loseke, aliapa kwamba mashine ya kutolea mahindi haikuwashwa siku nzima.

Ardis alizaliwa shambani. Alijua kitu ambacho sherifu naye alikijua ila alichagua kukisahau: mahindi yaliyotulia humbeba mtu. Hayammezi mpaka yaanze kunyonywa kwa chini. Hapo huwa sekunde nne kufika magotini, ishirini kufika utosini. Kwa hiyo mtu aliwasha mashine, na mtu akayapakia mahindi yale kwenye lori, na lori lilikuwa la mbunge.

Na si mbunge yeyote tu. Ni yule ambaye Delphine alimpigia simu mara nne asubuhi ya kufa kwake. Ndiye aliyekuwa na muswada wa kuwalazimisha wenye maghala wafunge vipimajoto vya kuonya nafaka ikianza kupata moto, baada ya ghala la Tamarack kulipuka mwaka jana na kuua wafanyakazi wawili. Jumatano saa sita mchana, kabla Delphine hajafika chumba cha maiti, Buchholz alisimama mbele ya kamati, akasema anauondoa muswada wake, akaketi. Hakutoa sababu.

Ardis alitaka kumkuta mapema, kabla vikao havijaanza. Lakini ukumbi wa chini ulikuwa umejaa watu na harufu ya kahawa. Bango kubwa lilisema SIKU YA MAGHALA. Mwenye siku hiyo, Royce Tillinghast, mkurugenzi wa chama, alimwona kabla yeye hajamwona.

"Mpelelezi Vollmer! Karibu, karibu. Umekula? Usiniambie umekula." Alikuwa mrefu, mvi zimechanwa vizuri, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Hiyo ni keki ya plamu, kaoka mama mmoja wa Orrin. Ukikataa atalia."

"Sikuja kula, bwana Tillinghast."

"Niite Royce. Hakuna aliyekuja kula. Watu huja kukaa." Akamvuta kiti. "Haya, kaa."

Ardis hakukaa. Alikuwa akitazama meza. Kila meza ilikuwa na mbunge, na kando ya kila mbunge palikuwa na mtu mmoja tu. Mheshimiwa wa kusini alikaa na mchungaji. Mwingine alikaa na mwanamke aliyevaa jaketi la kocha wa mpira wa kikapu wa shule. Mwingine alikuwa na mzee aliyemshika bega kama baba mkwe. Hawakuzungumza habari za nafaka. Walicheka, wakauliza habari za watoto.

"Wote hao ni wanachama wako?" akauliza.

"Wengine wanachama, wengine jamaa wa wanachama." Royce alifurahi kuulizwa. "Watu wanadhani kazi yetu ni kujificha kwenye kona na bahasha. Upuuzi. Bahasha humfanya mtu akuogope. Sisi tunafanya hivi: mbunge akichaguliwa, hata kama hajaapa, tunauliza, nani amemjua toka zamani? Nani alimfundisha mwanawe? Nani anamfukulia theluji? Huyo tunamwomba awe karibu naye. Basi. Hamwombi kitu mwaka wa kwanza, wala wa pili. Akiugua, yupo. Akifiwa, yupo. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

"Na mwaka wa tatu?"

"Mwaka wa tatu muswada ukija, mbunge anajiuliza huu utamuumiza nani. Haoni chama. Anaona sura." Akatabasamu. "Ni halali, bibie. Kila jina limeandikishwa serikalini. Delphine ndiye aliyeuunda mpango huu, Mungu amrehemu. Alikuwa na kipaji. Alijua kila mbunge anaumia wapi."

"Anaumia wapi?"

"Ana huruma wapi. Nimekosea neno."

"Na Buchholz, mtu wake ni nani? Simwoni Buchholz hapa."

Royce alimimina kahawa kwenye kikombe ambacho Ardis hakukiomba.

"Galen ana mambo mengi. Mkewe ana ule ugonjwa wa kusahau." Akamsogezea kikombe. "Na mama yako, nyonga imepona? Nasikia pale nyumba ya wazee wamemhamishia chumba cha upande wa jua. Vizuri. Wazee wanahitaji jua."

Ardis hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za chumba kile. Mama yake alihamishwa juzi. Alikiacha kikombe mezani, akaenda zake, na mpaka anafika ngazi ya tatu alihisi yale macho mema mgongoni.

*

Ofisi ya Buchholz ilikuwa chumba chembamba kilichokuwa stoo zamani. Mbunge mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Ardis alipoingia, aliufunga kwa ufunguo, kisha akafungua bomba la sinki dogo la kunawia, maji yakaanza kupiga kelele.

"Hilo ni la nini, Mheshimiwa?"

"Kuta hizi ni mbao tu." Alikuwa mkulima wa miaka sitini, shingo nene, na vidole vyake havikutulia. "Sina la kukuambia, mama. Nilishaandika maelezo. Jumanne nilikuwa kwenye kamati toka saa mbili mpaka saa saba."

"Najua. Nimeona picha za kikao. Ulikuwapo." Ardis aliweka stakabadhi juu ya meza. "Lori lako je?"

Buchholz hakuisoma. Alitazama namba tu, kisha akaketi polepole, kama mtu anayeshushwa kwa kamba.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema.

"Kipi ni kweli?"

"Kwamba lilionekana."

"Nani alikuambia lilionekana?"

Maji yaliendelea kutiririka. Mtu alipita kwenye ukumbi akicheka, na Buchholz aliizuia pumzi mpaka kicheko kikaisha.

"Royce," akasema kwa sauti ya chini. "Alikuja hotelini kwangu. Mpole, kama kawaida. Akasema, Galen, kuna ajali imetokea Orrin, na watu wameona lori lako pale kwenye kihenge. Akasema nisijali. Akasema marafiki hawaachani, mambo haya yatabaki ndani ya familia. Halafu akaniuliza kama nimefikiria vizuri ule muswada."

"Alikuja lini?"

"Jumanne."

"Jumanne saa ngapi?"

"Jioni. Nilikuwa sijala bado. Saa kumi na mbili, saa kumi na mbili na nusu."

Ardis alitoa daftari lake, akafungua ukurasa, akaugeuza kumwelekea. Hakupaza sauti.

"Soma hapo. Mwili wa Delphine ulipatikana saa ngapi?"

"Jumatano." Alifuata mstari kwa kidole. "Saa kumi na moja na nusu alfajiri."

"Dada yake alimpigia Jumanne usiku kucha akidhani simu imeisha chaji. Jumanne jioni hapakuwa na mtu duniani aliyejua kuna ajali Orrin. Isipokuwa aliyewasha mashine. Na yeyote ambaye huyo alimweleza."

Uso wa Buchholz ulipauka. Alifunika mdomo kwa kiganja.

"Delphine alikupigia mara nne," Ardis akaendelea. "Alitaka nini?"

"Alitaka nisilegee." Alizungumza nyuma ya vidole. "Royce amekuwa akiwaapia wabunge kwamba hakuna haja ya sheria, kwamba maghala yote yamekwisha kufunga vipimajoto kwa hiari yao. Delphine ndiye aliyezunguka na maneno hayo, akawaaminisha watu. Halafu akagundua kwamba Orrin ni vikasha vitupu vimepigiliwa ukutani. Hakuna waya, hakuna kitu. Alikwenda kuvipiga picha. Aliniambia, Mheshimiwa, nimewadanganya watu kwa mdomo wangu mwenyewe, wacha niwarudishie ukweli kwa mdomo huohuo."

"Utayasema haya mbele ya hakimu? Hilo la Jumanne jioni?"

"Siwezi."

"Mheshimiwa..."

"Siwezi, mama! Huelewi." Alisimama, akaketi tena. "Nimekaa hapa siku sita kama mtu aliyetegwa. Unadhani naogopa lori?"

"Lori lako hukaa nyumbani. Funguo ziko wapi?"

"Kwenye msumari. Jikoni."

"Na jikoni kuna nani?"

Kabla hajajibu, simu yake ikalia juu ya meza. Wote wawili waliruka. Buchholz alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kamili.

"Lazima nipokee," akanong'ona. "Hupiga kila siku saa tatu. Nisipopokea atajua." Akafunga bomba, akaweka simu katikati yao, akabonyeza spika.

"Galen! Habari ya huko?" Ilikuwa sauti nzito ya mwanamume, ya upole. "Tumeshakunywa chai sisi. Leo amekula mayai mawili. Ilse, njoo usalimie. Ni Galen."

Sauti ya mwanamke mzee ikasema kwa mbali, "Galen nani?"

"Mumeo, mama. Basi, Galen, leo ni siku ya kusahau, usivunjike moyo. Jana alikukumbuka vizuri."

"Asante, Dwight," Buchholz akasema.

"Mimi niko naye, usiwe na wasiwasi. Theluji inazidi huku, barabara zinafungwa, lakini mimi sitoki. Halafu, ule muswada. Umekufa kabisa, ndiyo? Maana kuna maneno kwamba kamati inaweza kuufufua kesho. Nauliza tu, rafiki yangu. Nikipata jibu nalala vizuri."

"Umekufa, Dwight."

"Vizuri. Ilse anakupungia mkono."

Simu ikakatika. Jasho lilikuwa linamtiririka Buchholz mashavuni ingawa chumba kilikuwa baridi.

"Dwight Loseke," Ardis akasema. "Meneja wa ghala."

"Jirani yangu. Miaka mitatu sasa anamtunza Ilse nikiwa huku. Sikumwomba. Alikuja mwenyewe, nikadhani Mungu amenikumbuka." Alimwangalia Ardis kwa macho mekundu. "Huyo ndiye mtu wangu, mama. Kila mbunge ana wake. Sasa hivi yuko jikoni na mke wangu. Nikisema neno moja hapa, yeye yuko pale. Mwondoe Ilse mle ndani. Ukimwondoa, nitasema mpaka ulimi ukauke."

*

Kwenda Orrin ni maili sabini. Ardis alimpigia mkuu wake, Kapteni Pruitt, akiwa bado anawasha gari.

"Usimwambie sherifu wa kule," akasema. "Huwinda pamoja na Loseke."

"Nina magari mawili, yote yako kwenye ajali ya barabara kuu," Pruitt akajibu. "Nipe saa mbili. Ardis, usiingie peke yako."

"Mtu yeyote wa Tillinghast akiniona nimetoka mjini, simu itafika kabla yangu. Sina saa mbili."

Upepo uliburuta theluji juu ya lami kama vumbi jeupe. Alipofika kwenye nyumba ya Buchholz ilikuwa saa sita kasoro. Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya ghala la shamba, pua yake ikielekea njiani. Ardis alifungua zipu ya koti ili bastola iwe karibu, akabisha hodi.

"Pita, uko wazi!"

Dwight Loseke alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni akimenya viazi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Ilse Buchholz alikaa kando yake, mkono mmoja umelala juu ya mkono wa shati la Dwight. Ili kumfikia Ilse, ilibidi kumpita Dwight na kisu chake.

"Mpelelezi," Dwight akasema. Hakushangaa. "Umekuja na theluji yote hii."

"Galen amenituma. Anamtaka mkewe akae naye mjini."

"Tumezungumza saa tatu. Hakuniambia."

"Nakuambia mimi."

Kisu kiliendelea kuzunguka kiazi. Ganda lilishuka refu, bila kukatika. Ardis alihesabu hatua: nne mpaka kwenye kiti cha Ilse, sita kurudi mlangoni. Akimwambia yuko chini ya ulinzi sasa hivi, mzee wa watu atakuwa katikati ya bastola na kisu. Kwanza Ilse atoke. Mengine baadaye.

Macho ya Dwight yalikwenda kwenye msumari wa funguo, yakarudi.

"Ulikwenda kiwandani," akasema. "Kule kwenye mizani."

Ardis alisogea hatua moja kuelekea kiti cha Ilse.

"Mimi siendi na wanawake nisiowajua," Ilse akasema ghafla, kwa ukali. "Huyu ni nani? Mbona hakuvua viatu?"

"Nisamehe, mama," Ardis akasema.

"Samahani haifuti sakafu."

Dwight alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, na ndicho kilichomtisha Ardis kuliko kisu. Kisha mtu yule akaweka kisu juu ya maganda, akafuta mikono, akasimama. Alikuwa mkubwa kuliko Ardis alivyomkumbuka. Alikwenda mpaka kwenye kabati, akafungua. Mkono wa Ardis ukazama ndani ya koti.

Dwight alitoa koti la kike la sufu, la bluu.

"Njoo, Ilse. Huyu ni mtu wa Galen. Utapanda gari, utaona mto."

"Na wewe?"

"Nitafuata nyuma."

"Huna haja ya kufuata," Ardis akasema.

"Asiponiona nyuma atafungua mlango wa gari, mpelelezi. Alishamfanyia Galen hivyo." Alikuwa amepiga magoti, anamfunga Ilse vifungo kimoja kimoja, bila haraka, kuanzia chini. Alipofika kile cha shingoni vidole vilimgoma. Alikiacha, akakijaribu tena. "Haya. Umependeza."

Ardis alimtoa Ilse nje akitembea kinyumenyume. Alimfunga mkanda, akafunga milango yote, akaondoa gari. Kwenye kioo aliona lori likiwasha taa.

Lilimfuata. Mwanzoni lilikuwa mbali, taa mbili hafifu ndani ya weupe. Kisha likasogea. Upande wa kulia palikuwa na korongo la kijito, upande wa kushoto uzio na mashamba yasiyo na mwisho, na barabara nzima haikuwa na gari lingine. Ardis aliongeza mwendo, matairi yakateleza, akapunguza. Lori lilikuwa na uzito wa mara kumi ya gari lake. Lilihitaji kusukuma mara moja tu.

"Pruitt," akasema kwenye simu, "ninaye mke wa Buchholz, na Loseke yuko nyuma yangu. Uko wapi?"

"Tunakuja kwenye njia panda ya barabara kuu. Dakika ishirini. Unaweza kumwacha nyuma?"

"Hapana."

Ilse alikuwa amegeuka kwenye kiti, anapunga mkono. "Dwight yule," akasema kwa furaha. "Mwambie asikimbie. Hukimbia sana siku hizi. Juzi alikuja amejaa vumbi la mahindi mpaka kwenye nyusi, akakaa kwenye ngazi, akalia. Nikamwambia, kalie bafuni, si kwenye ngazi yangu."

Ardis aliushika usukani kwa mikono miwili. Alitaka kumuuliza ilikuwa siku gani, lakini alijua kwa Ilse siku hazikuwa na majina tena.

Dakika ishirini zilikuwa kama safari ya mchana kutwa. Taa za lori zilijaza kioo cha nyuma, zikarudi, zikajaza tena kila theluji ilipozidi. Hatimaye zikaonekana taa za bluu kwenye njia panda, magari mawili yamekaa mkingamo. Ardis alipita katikati yao, akasimama, akamwambia Ilse, "Usitoke, mama," akaruka nje na bastola mkononi.

Lori lilisimama hatua thelathini nyuma. Askari wanne waliinua silaha.

"Mikono juu! Shuka!"

Mlango ulifunguka. Dwight Loseke alishuka, mkono mmoja juu, na mwingine umeinua mfuko wa karatasi.

"Weka chini! Weka chini hicho!"

"Ni dawa zake," akaita. Sauti ilimkatika kwa upepo. "Mpelelezi, umesahau dawa zake. Ile nyeupe anameza saa kumi. Asipoimeza hulia usiku."

Akaulaza mfuko juu ya theluji kwa uangalifu, akapiga magoti kando yake, akaweka mikono kisogoni.

*

Walimweka kwenye kiti cha nyuma cha gari la Pruitt. Ardis alimsomea haki zake, akaweka kinasa sauti baina yao. Kwanza alimpigia Buchholz. "Yuko nami," akamwambia, "ameuliza kama wewe ni mrefu." Upande wa pili alisikia mwanamume mzima akilia, kisha akisema, "Mwite hakimu. Niko tayari."

"Bado hujamwambia Galen kwamba ni mimi," Dwight akasema simu ilipokatika.

"Anajua."

"Nisingemgusa Ilse. Mwambie hivyo."

"Alikaa siku sita bila kujua hivyo, Dwight. Delphine je?"

Alitazama mikono yake iliyofungwa pingu. "Alikuwa juu ya mahindi anapiga picha vikasha. Royce alinipigia asubuhi ile. Alisema Delphine yuko njiani, kwamba ana wasiwasi mkubwa, kwamba ghala likifungwa Orrin yote itakufa. Akasema Delphine akirudi mjini na picha zile tumekwisha. Akakata."

"Hakusema muue."

"Hakusema kitu. Nilikaa ofisini nikasubiri apige tena aniambie la kufanya. Hakupiga. Lori la Galen nilikuwa nimelileta kwa kuwa langu lina hitilafu. Niliwasha mashine. Delphine alipiga kelele mara mbili. Nilimpigia Royce nikamwambia imetokea ajali. Akauliza, umetumia lori gani? Hicho tu ndicho alichouliza."

Pruitt alinyoosha mkono kutoka kiti cha mbele. Ndani ya mfuko wa plastiki wa vielelezo, simu ya Dwight ilikuwa inatetemeka. Jina lilikuwa kwenye kioo: ROYCE.

Ardis alimtazama Dwight. "Huna wajibu wa kupokea. Ukipokea, tunarekodi."

"Fungua spika," Dwight akasema.

"Dwight, rafiki yangu!" Nyuma ya sauti ya Royce kulikuwa na vikombe na vicheko. Siku ya Maghala ilikuwa bado inaendelea. "Ilse hajambo?"

"Hajambo."

"Nasikia yule mpelelezi ametoka mjini kuelekea huko. Peke yake, mwanamke, na barabara mbaya hivi. Nina wasiwasi, Dwight. Kesho kamati inakaa. Akirudi na maneno ya Galen, sijui itakuwaje kwa watu wetu. Sijui kabisa."

Dwight aliinama karibu na simu. Jasho lilimtoka puani.

"Unataka nimfanye nini, Royce?"

"Mimi nakueleza tu hali ilivyo."

"Jumanne ulinieleza hali ilivyo. Leo niambie. Yuko hapa, anafika mlangoni. Sema kwa mdomo wako. Nimuue?"

Vicheko vya nyuma vilififia, kama mtu ametoka ukumbini na kufunga mlango. Waliisikia pumzi yake. Ardis aliona sekunde zikisogea kwenye kinasa sauti: kumi, kumi na moja, kumi na mbili.

"Sijui unazungumzia nini," Royce akasema, "bwana Loseke."

Akakata.

Dwight alibaki ameinama. Upepo ulilisukuma gari, likayumba kidogo. Katika gari la Ardis, Ilse alikuwa anafuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja, akiwatafuta.

"Mke wangu alipokufa," Dwight akasema, "kaburi lilikuwa limefukiwa na theluji. Royce alikuja na koleo lake. Alichimba na mimi kwa saa tatu nzima. Sikuwa nikimjua. Ndiyo kwanza ananiita hivyo leo. Bwana Loseke."

"Unataka kuandika, Dwight?"

"Nifungulie mkono wa kulia."

Pruitt alisita. Ardis alichukua ufunguo mwenyewe, akamfungulia, akampa kalamu na karatasi. Dwight aliiweka karatasi juu ya goti, akaandika tarehe ya Jumanne, akaikata kwa mstari. Akaandika nyingine juu yake, ya miaka kumi na mmoja nyuma, siku ya mazishi ya mkewe, na kuanzia hapo hakuinua kichwa.